Nani Atatuchorea Ukuta wa Omurushaka?

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Fedha katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani, Dar es Salaam



Tunajua muda umekwenda, na harufu ya ndizi za nyumbani inatoka jikoni. Tutajitahidi tusiwe sababu ya chakula kupoa.

Baadhi yenu mlipoona kwenye ratiba kwamba Kamati ya Fedha itazungumza habari za uchoraji, mlicheka. Mna haki. Katika kamati yetu hakuna anayeweza kuchora hata kikombe kikaonekana kikombe. Sisi ni watu wa leja, risiti na taarifa za benki. Lakini mkutano mkuu ulipopitisha mradi wa ukuta wa picha ulitukabidhi sisi mfuko, na tangu siku ile jambo lililotuchukulia muda mrefu kuliko yote halikuwa fedha. Lilikuwa hili: nani achore, na nani aamue?

Kwa faida ya waliokuwa hawapo, tukumbushane. Tumekubaliana kujenga ukuta wa picha pale Omurushaka, karibu na mahali barabara ya kwenda Nkwenda na Murongo inapoanzia. Mahali pale hapakuchaguliwa kwa bahati. Mwaka 2012 Kyerwa ilipata wilaya yake, na tulifurahi, maana huduma zilisogea karibu na watu. Lakini wilaya ziligawanywa, ukoo haukugawanywa. Mtu wa Kaisho bado ana shangazi Kayanga, na mtu wa Nyaishozi bado ameoa Isingiro. Tulitaka kitu kimoja ambacho pande zote mbili watakiita chetu, kisimame pale ambapo njia zetu hukutana na kuachana.

Kwa hiyo hiki si kipambo. Zahanati ina mwenyewe, ambaye ni serikali ya kijiji. Darasa lina mwalimu mkuu. Ukuta wa njia panda utakuwa wa kila anayepita, na kila anayepita ataona kama alifikiriwa au alisahauliwa.

Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kukiri. Wakubwa mnakumbuka kwamba hii si mara yetu ya kwanza. Miaka kadhaa iliyopita tulilipia picha kwenye ukuta wa jengo moja la umma kule nyumbani. Hatutalitaja jengo wala fundi, kwa sababu kosa halikuwa la jengo, na kwa kweli halikuwa la fundi pia. Lilikuwa letu.

Tulimpata vipi? Mjumbe mmoja alisema anamfahamu kijana hapa mjini anayechora vizuri. Tuliuliza bei, tukaona ni nafuu, tukamtumia fedha kwa simu. Hakuwahi kufika Karagwe hata siku moja kabla ya siku aliyokwenda kuchora. Alichora mbuni ambao matunda yake yananing'inia kwenye ncha za matawi, moja moja, kama maembe. Mama mmoja aliyelima kahawa maisha yake yote alisimama mbele ya ukuta ule akauliza, "Hii mibuni mpya wanaigawa wapi? Maana yetu huzaa kwa kubanana kwenye tawi." Pembeni palikuwa na ng'ombe wa madoa meusi na meupe, yule tunayemwona kwenye pakiti za maziwa. Ng'ombe wetu wa pembe ndefu, aliyetajwa na kila mgeni aliyewahi kufika Karagwe, hakuwepo.

Halafu ikaja masika. Maji yalipanda kutoka kwenye msingi yakaisukuma rangi kwa ndani, na matone ya paa yakarusha udongo mwekundu hadi magotini mwa ng'ombe yule. Msimu wa pili rangi ilianza kubanduka vipande vipande. Leo ukipita pale unaona pembe moja na nusu ya neno "Karibu".

Kwenye vitabu vyetu kazi ile iliandikwa kama gharama, ikafungwa mwaka uleule. Kule nyumbani haikufungwa. Watu bado wanaipita kila siku. Nasi tumejifunza kwamba kitu kibaya kwenye mahali pa wazi hakichakai haraka kama kinavyochakaa kwenye leja.

Wenzetu nao wamepata shida

Hatuko peke yetu, na waliojikwaa wengine walikuwa na fedha nyingi kuliko sisi. Mwaka 2024 mji wa Eldoret, Kenya, ulikuwa unajiandaa kupewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti. Eldoret ni nyumbani kwa wanariadha wanaojulikana dunia nzima, na lilikuwa wazo jema kuwawekea sanamu. Sanamu ziliposimama, watu walizitazama wakashindwa kuwatambua mashujaa wao. Picha zikazunguka mitandaoni, kicheko kikageuka hasira, na sanamu zikaondolewa. Wazo halikuwa na kasoro, wala mashujaa hawakukosekana. Ila wenye mji walionyeshwa kazi baada ya kumalizika.

Mwaka huohuo, Februari, sanamu ya Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, ilizinduliwa Addis Ababa kwenye Umoja wa Afrika. Heshima ile ilikuwa kubwa na tuliifurahia sote. Lakini mnakumbuka mjadala uliofuata hapa nyumbani: anafanana, hafanani, pua ndiyo, mdomo siyo. Hatukusudii kuurudia usiku huu. Tunaukumbusha kwa sababu moja: shaba ikishamiminwa, maoni hayabadilishi kitu. Wakati wa kusema "pua siyo" ni wakati kazi bado ni udongo au penseli.

Upande wa pili, tazameni pale katikati ya mji, makutano ya Samora na Azikiwe. Mnara wa Askari umesimama tangu mwaka 1927. Aliyeufinyanga alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson, na waliouagiza walikuwa watawala wa kikoloni ambao hawakumuuliza mtu wa Dar es Salaam anataka nini. Hata hivyo leo tunaelekezana kwa mnara huo: "Tukutane Askari." Kazi ya mahali pa wazi hugeuka kuwa anwani, upende usipende. Watoto wa wajukuu zetu wataambiwa washuke kwenye gari "pale ukutani". Hatuna budi kujiuliza wataona nini wakishashuka.

Njia tatu za mkato

Tangu mradi upitishwe tumeletewa njia tatu za mkato, zote kwa nia njema. Tunaomba tuzijibu hapa, mbele yenu, ili zisijibiwe pembeni.

Ya kwanza inasema: tumchukue wa kwetu. Msanii awe mzaliwa wa Karagwe au Kyerwa, basi. Tunaielewa hoja hii, nasi tungefurahi ikitokea hivyo. Lakini kuzaliwa mahali si sawa na kupaona. Elimo Njau alikuwa mtu wa Marangu, Kilimanjaro. Mwaka 1959 alichora picha kubwa tano kwenye kanisa la ukumbusho huko Murang'a, Kenya, katikati ya nchi ya Wakikuyu iliyokuwa bado na vidonda vya vita vya Mau Mau. Alichora maisha ya Yesu kwa watu, nyumba na vilima vya Kiafrika. Hakuwa Mkikuyu, ila aliwatazama. Vilevile sanamu za kumbukumbu ya watumwa pale Mkunazini, Zanzibar, za watu waliofungwa minyororo shingoni ndani ya shimo, zilitengenezwa mwaka 1998 na Clara Sörnäs, mwanamke kutoka Sweden. Anayesimama mbele ya shimo lile hulitazama kwanza kimya kabla hajauliza mtengenezaji ametoka wapi.

Basi msimamo wetu ni huu: hatutauliza cheti cha kuzaliwa. Tutamtaka yeyote atakayechaguliwa akae kwetu kabla hajachora, aende shambani, sokoni na mnadani, na achukue vijana wawili wa nyumbani, mmoja kila wilaya, wafanye kazi naye na kulipwa. Akiondoka, ufundi ubaki.

Njia ya pili inasema: tuchukue wa bei ya chini. Hapa mnategemea sisi tutawaunga mkono, kwa kuwa ni kazi yetu kubana. Hapana. Unaponunua saruji, mfuko ni mfuko, na wa bei nafuu ukiwa wa daraja lilelile ndio ununue. Picha haina daraja la kiwandani. Ukishindanisha bei peke yake, anayeshinda ni yule aliyepanga kutumia rangi ya ndani kwenye ukuta wa nje. Kwa hiyo bei tutaitangaza sisi mapema, iwe moja kwa wote, na wasanii washindane kwa kazi.

Wengine wameongeza: basi tudai shahada ya sanaa, tuwe salama. Shahada ni kitu kizuri, na tunao vijana wetu waliosoma Bagamoyo na Chuo Kikuu. Lakini Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa kama zile za baiskeli, hakupita chuo cha sanaa. Leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji wa Kitanzania. Kama tangazo letu lingedai cheti, bahasha yake tungeirudisha bila kuifungua. Badala ya cheti tutaomba picha za kazi tatu alizokwisha kufanya na mahali zilipo, na angalau moja iwe imeshapigwa na mvua misimu miwili. Tutakwenda kuitazama, na kuikwaruza kwa ukucha.

Njia ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo iliyotufanya tuombe nafasi hii. Kaka yetu mmoja, mtu ambaye amekisaidia chama hiki mara nyingi na ambaye tunamheshimu sana, ameahidi kutoa nusu ya gharama zote, shilingi milioni 12. Sharti lake ni moja: kazi apewe msanii anayemfahamu yeye, kwa mchoro ambao tayari ameshaupenda. Tumeuona mchoro huo. Si mbaya. Inawezekana kabisa ungeshinda.

Tulikaa vikao viwili juu ya ahadi hiyo. Baadhi yetu tulisema: fedha hizi zikija, tunajenga kabla ya mvua za vuli. Wengine tukasema: tukikubali, ukuta utakuwa wa kaka yetu, hata kama jina lake halipo. Mtu wa Murongo atauliza nani aliamua, nasi jibu letu litakuwa aibu. Mwishowe tulimwandikia barua ya heshima. Tulimwambia mchango wake unakaribishwa kwa mikono miwili, na msanii wake anakaribishwa kuleta mchoro kama wengine, lakini sharti hatuwezi kulibeba. Hatujapata jibu, na hatumlaumu kwa hilo. Huenda yumo humu ukumbini. Kaka, kama upo, nafasi yako mezani haijaondolewa.

Jinsi tutakavyochagua

Sasa tuwaeleze utaratibu tunaoupendekeza, ili mwenye kukosoa akosoe leo.

Hatua ya kwanza ni tangazo la wazi kwa Kiswahili rahisi. Litasomwa redioni, makanisani na misikitini, na litabandikwa kwenye mbao za kata. Litaeleza ukubwa wa ukuta, bei, muda, na jinsi tutakavyotoa alama.

Hatua ya pili, jopo litachagua wasanii watatu kwa kazi zao za nyuma. Hao watatu watalipwa kuja nyumbani, kukaa siku tano, na kutengeneza mchoro. Tunasema tena: watalipwa. Ukimwambia msanii aje na mchoro bure, wanaokuja ni wenye uwezo wa kupoteza wiki, na mchoro wanaokuletea ni ule waliochora kwa ajili ya mahali pengine. Ndipo unapopata ng'ombe wa pakiti ya maziwa.

Hatua ya tatu, michoro itapewa namba, majina yatafichwa. Hili si jipya. Mwaka 1981 huko Washington, Marekani, walipotafuta kumbukumbu ya askari waliokufa Vietnam, walipokea michoro 1,421, yote kwa namba bila jina. Alishinda Maya Lin, binti wa miaka 21 aliyekuwa bado mwanafunzi. Kama jina na umri vingeonekana kwanza, tunajiuliza nani angempa nafasi. Tuwe wakweli pia: baada ya ushindi ugomvi ulikuwa mkubwa, na mwaka 1984 ikaongezwa sanamu ya askari watatu ya msanii mwingine ili kuwaridhisha waliopinga. Utaratibu wa haki hauzuii watu kubishana. Unawawezesha waamuzi kueleza walichofanya bila kuinamisha macho.

Hatua ya nne, michoro mitatu itawekwa siku ya soko Omurushaka na siku ya soko Nkwenda. Watu watazame, waseme, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema. Mwenye shamba ndiye atakayesema mbuni hauzai hivyo. Mchungaji ndiye atakayesema pembe hazijikunji hivyo. Haya hugundulika kwa dakika moja sokoni, na kwa penseli hurekebishwa kwa dakika kumi.

Hatua ya tano, jopo la watu saba litaamua: wakazi wawili wa Karagwe, wawili wa Kyerwa, na katika kila wawili awepo mwanamke, mwalimu mmoja wa sanaa, fundi ujenzi mmoja, na mjumbe mmoja wa chama kutoka mjini. Mmoja tu. Sisi wa mjini tunatuma fedha, ila hatutaupita ukuta ule asubuhi tukienda kisimani au kituo cha afya. Kamati ya Fedha haitapiga kura. Mchangiaji mkubwa hatapiga kura. Mjumbe mwenye undugu na msanii atatoka nje, na kutoka kwake kutaandikwa kwenye muhtasari.

Baada ya hapo ni mkataba wa maandishi. Msanii atalipwa asilimia 30 akisaini, 40 kazi ikifika nusu, 20 akimaliza, na 10 itabaki hadi masika moja ipite. Kodi ya zuio itakatwa na kupelekwa inakotakiwa. Michoro ya wawili watakaokosa itabaki mali yao, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji hata kama hukuinunua kazi yake. Na hakuna tofali litakalowekwa kabla ya kupata kibali cha halmashauri na cha wenye barabara. Hatutaki kuzindua ukuta leo, kesho tuukute na alama nyekundu ya X.

Jambo moja zaidi. Jina la msanii na majina ya vijana wawili yatachongwa kwenye ukuta. Hili tumelifikiria kwa sababu ya Bweranyange. Speke na Grant walifika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861, na Stanley akafika mwaka 1876 akaandika habari za hazina ya mfalme yenye sanamu za wanyama za madini. Wahunzi wa Karagwe walifua ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu ambao mpaka leo wataalamu wa sanaa wanawastaajabia, na baadhi ya kazi hizo ziko katika makumbusho ya nje ya nchi. Majina ya wafalme tunayo. Majina ya wageni waliokuja kutazama tunayo. Jina la mhunzi aliyefua, mtafute uone shida yake. Sisi tulio wajukuu zao hatupaswi kurudia deni hilo.

Mahesabu

Mradi wote ni shilingi milioni 24. Msanii, vijana wake na kazi yenyewe ni milioni 11. Ukuta, msingi wenye kuzuia unyevu, kofia ya juu ya kukinga mvua, na rangi za nje ni milioni 6.4. Vibali na usimamizi ni milioni 1. Matengenezo ya miaka mitano ni milioni 2, zitakazowekwa kwenye akaunti ya peke yake. Uchaguzi wa msanii ni milioni 3.6.

Tunajua ni mstari upi mlioukunjia uso. Milioni 3.6, asilimia 15 ya fedha zote, kwa ajili ya kuchagua tu! Tuzifungue. Michoro mitatu kwa laki tano kila mmoja ni milioni 1.5. Nauli na malazi ya wasanii watatu ni milioni 1.2. Matangazo ni laki tatu. Maonyesho kwenye masoko mawili na vikao vya jopo ni laki sita. Hakuna posho ya Kamati ya Fedha humo.

Kwa miaka tuliyoshika mfuko huu tumeona jambo moja. Ukimwambia mtu achangie ukuta, anatoa, maana ukuta ataupiga picha. Ukimwambia achangie siku tano za msanii kukaa Kaisho akitazama watu wanavyovuna kahawa, anasema hayo ni matumizi ya ofisi. Kila mmoja anataka kulipia kitakachoonekana. Ila kitakachoonekana kinaamuliwa na mstari huu ambao hauonekani. Ule ukuta wetu wa kwanza uchaguzi wake haukutugharimu hata senti, na mmesikia tulichopata.

Mfukoni tuna milioni 9. Kaka yetu akiondoa sharti, tutabakiza milioni 3. Akishikilia msimamo wake, tutabakiza milioni 15, na pengine ukuta utachelewa mwaka mzima. Tunawaambia mapema ili mtu asije akasema hakujua gharama ya kukataa sharti. Sisi tumeona ni bora kuchelewa kuliko kujengewa. Lakini fedha ni zenu na chama ni chenu. Mkiona tumekosea, mkutano mkuu una mamlaka ya kututoa.

Tunaomba usiku huu tuanze na zile milioni 3.6 peke yake. Kadi za ahadi ziko mezani, na zimeandikwa wazi: "Uchaguzi wa msanii." Mwenye elfu kumi aandike elfu kumi. Kila shilingi itapewa risiti, na hesabu yake itasomwa hapahapa mwakani, pamoja na namba za michoro, alama zake, na sababu za jopo.

Tumalizie na mama mmoja. Tulipokwenda kupima kiwanja tulikaa na watu waliokuwa wakisubiri usafiri pale Omurushaka, tukawauliza wangependa kuona nini. Mmoja alisema mfalme. Mwingine akasema kahawa. Kijana wa bodaboda akasema timu ya mpira. Mama huyo alikuwa amekalia mkungu wake wa ndizi, na mtoto amelala mgongoni. Akasema, "Hapa sote tumesubiri gari. Wa Karagwe, wa Kyerwa, tajiri na maskini. Mtuchore tukisubiri."

Hatujui kama ndicho kitakachochorwa. Hilo si la kwetu kuamua. Lakini tungependa msanii atakayekuja akae pale kwanza, kwenye vumbi lile, amsikie mama huyo mwenyewe kabla hajashika penseli. Hizo ndizo siku tano tunazowaomba mzilipie.

Karibuni mezani, na kadi zisisahaulike chini ya sahani.